Gari ya rimoti ya kuunga mwenyewe: kama ndo mara ya kwanza, anza na ipi?

Karibu kila anayeanza anauliza inakimbia kilomita ngapi kwa saa, na mimi nilianza hivyohivyo, nikanunua moja iliyokuja imeshaungwa tayari, ina mbio hatari, wiki ya pili tu ikabamiza ukingo wa barabara mkono wa mbele ukakatika, na kuanzia hapo ikakaa juu ya kabati miezi minne maana spea hamna na mwenyewe sikujua hata inafunguliwaje. So kabla ya mbio uliza ikivunjika nitaitengenezaje, spea natoa wapi.

Ndo maana nasema nunua ile inayokuja vipandevipande kwenye boksi na kitabu cha michoro (wengine wanaita kiti, mimi nikisema nimenunua kiti nyumbani wanasubiri sofa, basi hapa nitasema seti). Ukishaiunga jioni mbili tatu unajua kila skrubu iko wapi. Sisi tuliokua tunaunda magari ya waya na tairi za kandambili hili halihitaji kuelezwa sana.

Ila usidanganywe na bei ya boksi. Seti nyingi zinakuja na chasi, bodi na mota, basi. Rimoti na risiva yake, sevo ya kukata kona, betri, chaja na rangi unanunua mwenyewe, na kile kidude cha kuendesha mota, wanachoita ESC, kwenye maboksi mengine kimo kwenye mengine hakimo, soma maelezo vizuri. Kwa makadirio yangu seti ya dola 150 inafika dola 250 mpaka 300 kabla haijagusa ardhi, na hapo bado usafiri na ushuru.

Haya, namba moja kwangu ni Tamiya TT-02B. Tamiya ni Wajapani wa Shizuoka, na hii ni bagi, yaani gari ya vumbi na njia mbovu, ya saizi ya moja kwa kumi (sehemu moja ya kumi ya gari halisi), inavuta tairi zote nne kwa propela ya katikati, na gia zake zimefunikwa. Kwa barabara zetu hilo la kufunikwa ndo kila kitu, vumbi likiingia kwenye gia za plastiki linakua msasa. Zinauzwa kwa bodi tofauti, kuna Neo Scorcher na Plasma Edge II, chini ni chasi ileile kwa hiyo chagua tu sura unayoipenda. Spea zake zimejaa duniani, na vitu vingi vinaingiliana na TT-02 ya kawaida, ile ya lami nitakayoitaja namba tatu. Kasoro yake ni kwamba sehemu za kuzungukia kwenye boksi ni bushi za plastiki, sio beringi. Nunua seti ya beringi za chuma siku hiyohiyo, uziweke wakati unaunga, usije ukalazimika kuifungua yote upya.

Namba mbili, kama mfuko umekaza, ni WPL za Mchina. Mimi naipenda D12 kwa sababu moja ya kijinga, ni kirikuu! Suzuki Carry kabisa, na keria yake nyuma, ukiipitisha mtaani kila mtu anacheka. Kuna na C24 ambayo sura yake ni Hilux, ndogo zaidi, saizi ya moja kwa kumi na sita, na hii inavuta zote nne wakati kirikuu inasukuma nyuma tu. Zote mbili zinapatikana kama seti za kuunga kwa bei ambayo haifiki hata nusu ya Tamiya. Mota ndogo, gia plastiki, mwendo wa pole, rimoti yake ya kawaida tu, lakini kwa kujifunzia sawa kabisa, na ukiharibu huumii. Ukitaka kumnunulia mtoto wa miaka kumi muunge pamoja, hii ndo iwe namba moja.

TT-02 ya lami naiweka ya tatu. Bodi zake ndo zinatamanisha watu, Subaru Impreza, GT-R, Supra, ila iko chini sana, inataka lami safi au uwanja wa basketi. Kama unapo mahali hapo basi ipandishe mpaka namba moja. Kama nje ya geti ni mchanga, utaishia kuiangalia.

Ya nne Grasshopper, Tamiya pia, ilitoka 1984 wakairudisha 2005. Rahisi kuunga kuliko zote hizi, bodi ni plastiki ngumu, ila inarukaruka kama mbuzi na mota yake ya 380 (hiyo ni namba ya saizi ya mota) ni ndogo. Unanunua kwa mapenzi.

Zile za kupanda mawe kama Axial SCX10 III ni tamu kweli, ila ni dola mia kadhaa na kazi yake ndefu, acha iwe ya pili yako. Na seti za mashindano kama za Team Associated usiguse kwa sasa, mara nyingi hamna mota wala tairi ndani.

Sasa betri, hapa ndo watu wanachoma nyumba. Anza na NiMH, betri ya nikeli, ya volti 7.2, haina mambo mengi. Lipo, yaani betri ya lithiamu, ya seli mbili ina nguvu zaidi na ni nyepesi, lakini seli isishuke chini ya volti 3, chaji kwa chaja ya kusawazisha seli, juu ya vigae au sufuria ya chuma, na usiiache inachaji ukaenda kulala. Hakikisha ESC yako ina mpangilio wa lipo, wa kukata umeme betri ikishuka, kama haina itaendelea kuinyonya mpaka ife au ivimbe. Jua pia betri za lithiamu zina masharti kwenye ndege, wauzaji wengi wa nje hawazitumi, kwa hiyo ulizia betri kwanza hapo ulipo ndo uagize gari.

Rimoti iwe ya 2.4 GHz. Ukikutana na mtumba wa Japani wenye rimoti ya antena ndefu na kristali, punguziwa bei, hiyo rimoti hesabu haipo.

Halafu bisibisi. Skrubu za Tamiya ni za msalaba wa Kijapani, JIS, na bisibisi yetu ya kawaida inazila vichwa, mimi niliharibu sita usiku mmoja nikadhani skrubu ndo mbovu. Tafuta ya JIS namba 2. Bodi za plastiki laini zinapakwa rangi kwa ndani, rangi ya polikaboneti (ndo hiyo plastiki laini) sio ya magari, anza na rangi za giza kwenye michoro kisha ile nyepesi. Na usiipeleke ufukweni, hata kwa picha. Yangu ilikaa Coco Beach nusu saa, wiki iliyofuata beringi nne zimeganda kutu.