Tahadhari: Kuna wakala Dar anauza "wajomba" wa maombi ya Kanada

Ndugu zangu mnaojaza maombi ya ukaazi wa Kanada kupitia Express Entry, ule mfumo wa mtandaoni wa wafanyakazi wenye ujuzi, someni hapa kabla hamjatoa hata shilingi. Nimelizwa, na najua siko peke yangu.

Tangazo nililikuta kwenye kundi la WhatsApp: "Salio halitoshi? Tunakuwekea, na hati ya zawadi juu. Siku 14." Naomba peke yangu, na kwa viwango vya Julai 2025 mtu mmoja anatakiwa kuonyesha kwamba ana dola 15,263 za Kanada benki. Kwa pesa yetu ni zaidi ya milioni 25. Mimi nilikuwa na milioni tisa, za kudunduliza. Nikajisemea, si wanasema zawadi inaruhusiwa?

Na kweli inaruhusiwa, hapo ndipo wakala huyu anapowanasa watu. Mzazi, dada au mjomba akikupa pesa ikawa yako moja kwa moja, uhamiaji wa Kanada hawana shida nayo. Wanachokataa ni pesa ya kukopa. Huyu bwana anauza mkopo uliovishwa kanzu ya zawadi: milioni 17 zinaingia kwako, benki inakuandikia barua, kisha zinarudi zilikotoka. Ada yake milioni moja na laki mbili, taslimu, kabla ya chochote. Halafu laini yako ya simu iliyounganishwa na benki anakaa nayo yeye, pamoja na namba ya siri, "kwa usalama wa pande zote mbili". Ndiyo, nilimpa. Nicheke tu.

Siku ya tisa pesa zikatoka, na laki sita zangu zikafuatana nazo. Nilipopiga akasema ni makato.

Nikabaki na hati ya zawadi, inayodai mjomba wangu ndiye kanipa zile pesa. Karatasi nzuri, nzito, ina muhuri mwekundu wa wakili. Nikampelekea mama mdogo, karani wa benki mstaafu, anisaidie kile Kiingereza cha kisheria. Akasoma taratibu, akanitazama juu ya miwani: "Baba, huyu kaka yetu, mimi na mama yako tumezaliwa naye lini?" Kwao ni wasichana watupu, wanne. Akafungua ukurasa wa pili. Huko mimi, mwanaume mwenye ndevu, nimeandikwa ni binti wa dada yake. Walinakili hati ya mteja mwingine wakasahau kubadilisha.

Lakini hata ingekuwa haina kosa la herufi, isingenifikisha popote. Barua ya benki inayotakiwa haionyeshi salio la leo tu. Inataja akaunti ilifunguliwa lini, madeni yako, na wastani wa salio kwa miezi sita. Mama mdogo akachukua kalamu akapiga hesabu nyuma ya bahasha: milioni 17 zikikaa siku tisa, wastani wangu wa miezi sita haufiki hata milioni kumi. Afisa akiona hivyo lazima aulize pesa imetoka wapi. Tena pesa inatakiwa iwepo siku unayoomba na siku unayopewa viza, sasa mimi siku hiyo ya pili ningeonyesha nini? Wakibaini umedanganya, unafungiwa miaka mitano. Unayefungiwa ni wewe uliyeomba kwa jina lako, wakala hata hawamjui.

Zawadi ya kweli ina nyayo. Anayekupa anaandika barua na kusaini: yeye ni nani kwako, amekupa kiasi gani, lini, na kwamba hadai kurudishiwa. Anaambatanisha taarifa ya akaunti yake, na kama alipata pesa kwa kuuza kiwanja au kwa kiinua mgongo, karatasi za huko pia. Pesa ipite benki kwenda benki. Msitiane mkononi taslimu halafu ukaenda kuiweka mwenyewe, utaelezaje? Ikiingia, iache ikae, usiiguse. Na mkihesabu kiwango, mke na watoto wanaokutegemea wanahesabiwa hata kama wanabaki Tanzania. Watatu, kwa viwango hivyo vya Julai 2025, ni dola 23,360. Viwango hivi hurekebishwa kila mwaka, hivyo angalieni kwenye tovuti ya serikali ya Kanada yenyewe, si kwenye picha za kusambaziana.

Kitu kingine ambacho ningekifanya mwanzo: kwa sheria ya Kanada, anayekutoza pesa kukuwakilisha lazima awe mwanasheria au msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa huko, notari wa jimbo la Quebec, au mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa na College of Immigration and Citizenship Consultants. Orodha ya washauri iko mtandaoni, bure. Nilimtafuta wangu baada ya kulia. Hayumo.

Nilimwambia anirudishie pesa la sivyo naenda polisi. Akacheka kabisa: "Nenda. Waambie ulinilipa nikusaidie kuwadanganya Wakanada." Hiyo ndiyo kinga yake, anajua tunaona aibu. Mimi hati ile sikuituma kokote, na risiti za meseji ninazo zote.

Jana dada mmoja amenitumia yake niipitie. Mjomba ni yule yule, muhuri ule ule. Ukurasa wa pili, yeye ndiye kijana wa kiume.