"Nggak" au "belum"? Hapana mbili za Kiindonesia cha mtaani

Ukiulizwa Jakarta "Udah makan?", yaani umeshakula, kuna hapana mbili mdomoni. Nggak ni ile kavu, umbo la mtaani la tidak, hapana ya lugha rasmi. Inafaa ukikataa kitu: "Mau kopi?" "Nggak, makasih." Yaani, unataka kahawa? Hapana, asante. Hakuna atakayenuna.

Lakini kwa swali lenye udah, ile "-mesha-" yetu, nggak hukaa vibaya. Hapo jibu ni belum, na Mswahili hahitaji kufundishwa: ni "bado" yetu hasa, neno moja linalotosha kuwa sentensi nzima. Utamu wake uko kwenye swali la mashangazi, "Udah nikah?", umeshaoa? Hata asiye na mchumba wala mpango hujibu belum, maana nggak ingesikika kama ameapa kutooa, na mahojiano yangeanza upya. Wengine huongeza doain aja, niombee tu, mada ikafungwa kwa tabasamu.

Kwa hiyo ukisita, mimi ningesema shika belum kila unaposikia udah. Mtego wetu uko kwingine: bukan, inayokanusha nomino. "Orang Malaysia?", wewe ni Mmalaysia? "Bukan." Hapo nggak hukwaruza sikio.