Nilipiga 115 saa nane usiku: uzoefu wangu na m-mama

Mwanangu alikuwa na siku 11 alipokataa ziwa. Jioni alinyonya vizuri. Usiku mwili ukawa moto, analia kwa kasauti ka paka, kifua kinabonyea kila akivuta hewa. Mama mkwe akasema ni chango, tumpake mafuta tusubiri kuche. Baba yake yuko ziwani kwenye dagaa, simu haipatikani. Wifi ndiye aliyekumbuka namba ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito na vichanga, iliyobandikwa ukutani zahanati.

Kupiga ni bure. Mimi sikuwa na salio hata la kubipu. Aliyepokea alikuwa mtulivu mpaka akanikera: mtoto ana siku ngapi, ananyonya, amepata degedege, mko kijiji gani, jirani na nini? Mimi nalia, yeye anauliza. Kumbe kwa majibu hayo ndipo anapoamua mgonjwa apelekwe kituo cha afya au hospitali, na gari gani litoke.

Gari la wagonjwa lilikuwa na mgonjwa mwingine, akatumwa dereva jamii, yaani mtu wa kawaida mwenye gari lake aliyeandikishwa na kulipwa na mfumo kwa simu. Ikaja Probox inayonuka dagaa. Sikutoa hata mia. Kwa mimba yangu ya kwanza, safari hiyohiyo kutoka huku Buchosa hadi Sengerema mjini tulidaiwa laki na nusu mkononi, kabla gari halijawashwa.

Dereva alichelewa kutufikia, na kosa lilikuwa langu. Nilisema "mwaloni" tu, yaani pale mitumbwi ya samaki inapotia nanga, kana kwamba mwalo ni mmoja. Ukipiga, taja kitongoji, kisha mtume mtu barabarani na tochi.

Hospitali walishapewa taarifa. Tulipofika waliita "kichanga cha m-mama" na hatukupanga foleni. Maambukizi kwenye damu, wakasema. Oksijeni, dripu, sindano za ampisilini na jentamaisini siku saba. Moyoni nilishajiandaa kwa Bugando, hospitali ya rufaa ng'ambo ya ziwa, Mwanza. Afadhali siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, tangu Juni 2025 hukeshi tena ukisubiri kivuko.

Sisi wa Sengerema tuna haki ya kuringa kidogo: majaribio ya m-mama yalianzia kwetu na Shinyanga, miaka mingi kabla ya uzinduzi wa kitaifa wa 2022. Ila lijue hili mapema. Huduma ni ya mjamzito, mzazi aliyejifungua ndani ya siku 42, na kichanga asiyezidi siku 28. Wiki iliyofuata mtoto wa jirani, miezi minane, alishikwa na degedege. Huyo hayumo. Tulichangishana mafuta ya bodaboda, mama yake akampakata katikati, tukabaki tunaangalia taa ikipotea.

Namba nimeiandika kwa mkaa kwenye mlango wa jiko. Juzi ilianza kufifia, nikamkuta mama mkwe anaikoleza.