Boksi la mada ya bahari kwa mtoto wa chekechea: mifuko miwili ya kununulia, miwili ya kurekebisha, mmoja wa kuacha

Shilingi 45,000, na nauli ya bodaboda juu yako. Kwa bei hiyo unapokea boksi la karatasi ngumu lenye mifuko 5 ya zipu, mmoja kwa kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, pamoja na kijitabu cha kurasa 8. Mada ni bahari, na juu ya boksi imeandikwa ni kwa watoto wa miaka 3 hadi 5. Muuzaji ni mmoja kati ya wengi wanaotangaza mitandaoni hapa Dar es Salaam. Jina lake tunaliacha, maana maboksi ya namna hii yanafanana, na kasoro zake pia zinafanana.

Kwa mwenye haraka: mfuko wa Jumatatu na wa Jumatano ndiyo inayostahili hela yako. Wa Jumanne na wa Alhamisi ni mizuri baada ya kurekebishwa. Wa Ijumaa ungebaki huko huko dukani.

Tuanze na Jumatatu, kwa sababu ndio unaobeba boksi zima. Ndani yake kuna samaki 20 wa karatasi ya manila, rangi 4, kila mmoja na klipu ya chuma mdomoni, na fito 2 za kuvulia zenye uzi na sumaku kwenye ncha. Unatandika khanga ya bluu sakafuni, unamwaga samaki, unaweka mabakuli 4 pembeni, mtoto anavua na kupanga kwa rangi. Kazi hii inamfunza mengi bila kumkalisha: jicho na mkono kwenda pamoja, kutofautisha rangi, kuvumilia anapokosa. Dakika 10 hadi 15 zinamtosha wa miaka 3, na akitaka kuendelea mwache.

Kasoro ya kwanza ni uzi. Umekatwa sentimita 60, na mtoto mdogo hawezi kuutuliza. Uzi ukiwa mrefu sumaku inabembea huku na huko, yeye anasubiri itulie, anachoka, anatupa fito na kukamata samaki kwa mkono. Zungushia uzi kwenye fito hadi zibaki sentimita 20 au 25, ufunge. Wa miaka 5 unaweza kumwachia 40.

Kasoro ya pili si ya kuchekea. Sumaku ni vidude vya upana wa kidole cha mwisho cha mtoto, vimebandikwa kwa gundi. Joto, unyevu na kunasa kwenye miguu ya meza ya chuma vinailegeza gundi ndani ya siku chache. Sumaku moja ikimezwa ni hatari, na mbili ni hatari zaidi: zinavutana zikiwa sehemu tofauti za utumbo, zinabana nyama katikati na kuitoboa. Ukijua au hata ukishuku mtoto amemeza, ni hospitali saa hiyo hiyo, hakuna kungoja atoe haja. Zing'oe kabla boksi halijafika mikononi mwake. Badala yake mwone fundi redio yeyote, muulize sumaku ya duara kutoka kwenye spika mbovu. Ina tundu katikati, unapitisha uzi na kufunga fundo, gundi haihitajiki. Ichague yenye upana wa sentimita 4 au zaidi na uizungushie selotepu, kwa kuwa ikianguka kwenye vigae huvunjika vipande vyenye makali. Kipimo cha jumla kwa nyumba yenye mtoto chini ya miaka 3: chukua bomba la karatasi linalobaki tishu za chooni zikiisha. Kinachopita humo hakikai sakafuni.

Samaki wenyewe wana maisha marefu kuliko kijitabu kinavyodhani. Siku ya pili wapange kwa ukubwa. Siku ya tatu fanya mnada kama wa Feri, soko la samaki la Dar: mtoto anapanga mafungu ya samaki watatu watatu kwenye sinia, wewe unakuja kununua kwa vizibo vya soda. "Fungu hili bei gani?" Hapo ana kuhesabu, kugawa, kuzungumza na kusubiri zamu, na hakuna karatasi hata moja iliyojazwa. Kijitabu hakisemi lolote kuhusu hili, na ni ajabu kwa boksi linalouzwa mji wenye soko la samaki linalojulikana na kila mtu.

Mfuko wa Jumanne una kadi 10 za kuhesabu na vibanio 10 vya nguo. Kila kadi ina picha za viumbe na tarakimu 3 ukingoni. Mtoto anahesabu, anabana kibanio kwenye tarakimu sahihi. Wazo zuri, maana kubonyeza kibanio kunakomaza vidole vile vile vitakavyoshika penseli. Ila vibanio vya mbao vilivyomo ni vigumu, wa miaka 3 anavishindwa. Badili na vya plastiki vilivyokwisha tumika kambani, springi zake zimelegea kidogo.

Tatizo kubwa ni maandishi. "Samaki mbili." "Kaa tatu." "Makombe nne." Aliyetafsiri alichukua namba akaibandika kwenye jina, basi. Mtoto anayesikia nyumbani "samaki wawili" anakutana na kadi inayomwambia vingine, na mzazi anayesoma kwa sauti anaikariri ile kasoro kila siku. Chukua kalamu ya wino mzito urekebishe: samaki wawili, kaa watatu, makombe manne, kasa watano. Namba moja hadi tano, na nane, hubadilika kufuata jina. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki.

Badiliko hilo ni zana ya kufundishia ukijua kulitumia. Mwache mtoto aguse kila picha akihesabu tupu: moja, mbili, tatu. Akimaliza funika kadi kwa kiganja, umuulize: "Kaa wangapi?" Akijibu "watatu" papo hapo, ameelewa kwamba namba ya mwisho ndiyo idadi ya wote. Akiondoa kiganja chako na kuanza upya "moja, mbili…", bado anaimba namba tu, hajahesabu. Usimkosoe. Rudi kwenye vitu viwili au vitatu kwa siku kadhaa. Kisha badilisha vitu: makombe mangapi, vizibo vingapi, kadi ngapi.

Jumatano ni unga wa kuchezea, pakiti 3 za rangi na vikatio 4 vya plastiki. Vikatio ni imara, havina makali, na peke yake vinapunguza uchungu wa bei. Unga wenyewe umetengenezwa bila kupikwa, na hapo hali ya hewa ya Dar inauvamia. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, na unga mbichi hauna cha kuyashika maji hayo, kwa hiyo siku ya tatu unakuta uji unaonata mezani. Pika wako:

Unga wa ngano vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, maji vikombe 2, mafuta ya kula vijiko 2 vya chakula, maji ya limau vijiko 2 vya chakula, na rangi ya chakula matone machache. Changanya vyote vikiwa baridi hadi mabuje yaishe. Weka moto mdogo, koroga kwa mwiko bila kuacha kama unayesonga ugali. Mwanzoni utaona rojo na kudhani umekosea. Dakika chache baadaye linashikana ghafla na kuachana na sufuria. Epua hapo, maana ukizidisha linakuwa gumu na kupasuka. Likipoa kiasi cha kushikika, likande dakika 3 hadi 4. Likinata, nyunyiza unga kidogo. Likipasuka, paka viganja mafuta ukande tena. Hifadhi kwenye kopo la mfuniko unaobana. Likianza kunuka uchachu au kuota ukungu, tupa. Lina chumvi nyingi sana, kwa hiyo mwenye tabia ya kula kila kitu asiachwe nalo peke yake.

Kazi bora ya unga huu si ya vikatio. Mwambie afinyange pweza: kichwa kimoja cha mviringo, kisha mikono minane aisokote moja moja kwa viganja, yote ilingane urefu. Mkono wa tano atakuwa amechoka, na hapo ndipo mazoezi yanapoanza kufanya kazi. Kesho yake ngisi, ambaye ana kumi, miwili ikiwa mirefu kuliko mingine. Mikono minane, mikono kumi: somo la Jumanne limerudi bila kadi.

Mfuko wa Alhamisi ni wa kuelea na kuzama. Vitu 8, na karibu vyote ni plastiki nyepesi au gololi. Mtoto anagundua siri kwa dakika 2, plastiki inaelea na kioo kinazama, mchezo umekwisha. (Gololi nazo zinapita kwenye lile bomba la tishu, kwa hiyo hazikai sakafuni.) Beseni lijaze maji sentimita 10 tu, tandaza taulo chini, utafute vitu vyenye ubishi. Chungwa zima linaelea. Limenye, lirudishe: linazama. Ganda lina vijitundu vya hewa vinavyolibeba kama boya, na mtoto anayeona tunda lilelile likibadili tabia husimama kimya kabla ya kuuliza. Kizibo cha soda ukikilaza taratibu kama mashua kinaelea, ukikitia kiubavuubavu kinazama. Kifuu cha nazi kinaelea na kinabeba mzigo, kwa hiyo mpe kokoto ahesabu ngapi zinakizamisha. Kila mara aseme kwanza anachotarajia, ndipo atumbukize. Usiondoke hata kwa simu, kwani mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina kifupi kama haya. Ukimaliza mwaga, usiwafugie mbu.

Ijumaa ni karatasi 15 za kufuatishia na kupaka rangi, na kadi za herufi. Pengwini wapo, dubu mweupe yupo. Dagaa hata mmoja hayupo. Kadi yenye mnyama wa mikono mitano imeandikwa "samaki nyota", ilhali watu wa pwani wanamwita kiti cha pweza, jina linalomchekesha mtoto na kumkaa kichwani. Herufi zimefuata mpangilio wa Kiingereza, zikiwemo Q na X ambazo maneno ya Kiswahili hayazihitaji. Mtoto anayeanza kusoma Kiswahili anahitaji irabu 5 kwanza, kisha silabi: ba, be, bi, bo, bu. Weka kadi hizo kando, mpigishe makofi: sa-ma-ki makofi matatu, pwe-za mawili, da-ga-a matatu, m-cha-nga matatu. Wengi huruka ile "m" ya mchanga, na hata watu wazima wakiambiwa wapige makofi hubishana. Kaa nayo ina mawili, ka-a. Akizoea kusikia silabi, kuzisoma baadaye si kazi ngeni.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wauzaji hawa hawalitazami. Mchana, anayebaki na mtoto katika nyumba nyingi za Dar ni dada wa kazi au bibi, na kijitabu kimeandikwa Kiingereza kitupu. Kata karatasi ndogo, andika mistari mitatu kwa kila mfuko: tandika nini, muulize nini, angalia hatari gani. Ibandike juu ya mfuko. Bila hiyo, boksi litafunguliwa Jumamosi tu mzazi akiwa nyumbani, na juma zima televisheni itafundisha.

Manila ya kadi ni nyepesi, na msimu wa masika itajikunja kingo. Duka la stesheneri litakufanyia laminesheni, yaani kuifunika kwa plastiki. Ukikata, acha ukingo wa plastiki wa milimita 3 kuzunguka picha, kwani ukikata sawasawa na ukingo wa karatasi plastiki inafunguka na unyevu unaingia. Kata na pembe ziwe za mviringo, zisimchome.

Linunue boksi hili kama huna muda wa kukata na kuchora na una mtoto wa miaka 4 hivi. Wa miaka 3 atatumia nusu yake, wa miaka 5 aliyekwisha anza darasa la awali atamaliza kadi za namba siku moja. Mwenye mkasi, manila, spika mbovu na jioni mbili za nafasi anaweza kujitengenezea mfuko wa Jumatatu na wa Jumatano kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Kabla hujalipa, muulize muuzaji mambo mawili: sumaku zimefungwa kwa kitu gani, na je, anaweza kukuuzia boksi bila mfuko wa Ijumaa. Huyu wa safari hii alikubali kupunguza 8,000.