Vim kwenye laptopu chovu: bado naipa nyota 4

Wanaouliza waandikie kodi za kompyuta (maagizo ya programu, si za serikali) kwa editor gani, yaani programu ya kuandikia, na laptopu zenyewe kuukuu, mie jibu langu Vim tu. Ipo tokea 1991, kaianzisha marehemu Bram Moolenaar, ni bure, kodi yake iko wazi, na alichokuwa anaomba ni ukipenda uwachangie watoto wa Uganda. Umeme ukikatika faili la swapu, la akiba linalojiandika lenyewe pembeni, linakuokolea kazi yako, au sehemu yake kubwa.

Sasa yakhe, kuna wakati unaapdeti tu mara imekuwa nzito, unashusha faili refu maandishi yanaburuta kama gari ya ng'ombe. Usianze kutukana. Fungua kwa vim --clean, ikirudi wepesi basi mchawi ni plagini (viongezeo) ulizojijazia mwenyewe au vimrc yako, lile faili la mipangilio. Kama bado, andika :syntime on, tembeza faili, halafu :syntime report, utaona kanuni ipi ya sintaksi, zile za kupaka kodi rangi, inakula muda. Toleo la 7.4 la 2013 lilileta injini mpya ya regeksi (ya kusaka ruwaza za maandishi), baadhi ya faili zikawa zinasuasua nayo, na dawa ilikuwa mstari mmoja, set re=1, unarudi injini ya zamani wallahi unashangaa.

Na wenye moyo wa kusaka badiliko gani la Vim limeleta uzito, kuna zana ya git bisect, inakata historia ya kodi nusu kwa nusu, mabadiliko 1,000 unayamaliza kwa majaribio kama 10 hivi, ukishampata mkosaji ndo unaripoti, si kulalama "iko slo" halafu basi.

Nyota ya tano naizuia kwa sababu kijana wa skuli akiifungua mara ya kwanza hajui hata pa kutokea.