Nina disleksia: vifaa vilivyonifaa na kimoja nilichokifungia kabatini

Disleksia ni ugumu wa kusoma na kuandika maneno. Kwangu mimi "baba" na "dada" ni pacha, hasa nikiwa nimechoka. Ndiyo maana niliposikia kuna fonti ya watu wenye disleksia, OpenDyslexic, niliipakua siku hiyohiyo. Ni ya bure, imekuwapo tangu 2011, na herufi zake zimenenepeshwa chini ili zisipinduke machoni. Nimesoma nayo mwezi mzima. Pacha wangu wakabaki pacha. Baadaye nikasoma kwamba hata majaribio ya watafiti hayakuona ikiongeza kasi ya kusoma. Kilichonipa nafuu ni kuongeza nafasi kati ya herufi na kati ya mistari, tena kwa fonti ya kawaida tu. Plastiki za rangi za kufunika ukurasa nazo nilizijaribu wiki moja, zinapendeza, basi.

Ninachokifungua kila siku ni Immersive Reader ya Microsoft, iliyomo ndani ya Word na kwenye kivinjari cha Edge. Inakusomea kwa sauti huku kila neno linalotamkwa likikolezwa rangi. Halafu inaweza kuficha ukurasa wote na kukuachia mstari mmoja, mitatu au mitano. Mimi huacha mmoja. Zamani nilikuwa nikimaliza mstari narudi kwenye uleule, nausoma tena, najiuliza mbona habari haisogei!

Kwa vitabu vya karatasi nilikata kidirisha chembamba kwenye kadi nyeusi, kazi ya dakika tano na mkasi. Haiishi chaji.

Kalamu ya kusomea ndiyo iliyoniuma, maana ni ghali. Unaiburuza juu ya maneno, inayatamka. Ile niliyonunua ilitaka mkono ulionyooka kama rula. Ukiyumba kidogo inaruka neno. Kiswahili kilikuwa hakimo, kwa hiyo "ng'ombe" ilitoka kama jina la dawa. Iko kabatini.

Insha sasa naziandika kwa kusema, simu inageuza kuwa maandishi, kisha narekebisha kwa vidole. Kabla ya kukabidhi, naagiza nisomewe yote. Kisahihishi cha tahajia hakikamati kila kitu, kwani neno likiwa sahihi lenyewe, kinanyamaza. Juzi nimekaa nasikiliza insha yangu ya historia ya familia, sauti ikatangaza bila aibu: "Dada alimuoa mama mwaka huo."