Oili ipi ununue ukiamua kumwaga mwenyewe IST yako hapa Tanga

Wenye IST ya cc 1500, Raum, Probox na Premio ya 1.5, injini zenu nyingi ni ileile 1NZ-FE, kwahiyo hii inawahusu. Kumwaga oili nyumbani wala sio kazi ya kwenda kulipia gereji kubwa, unataka spana namba 14, beseni, jeki na stendi zake (usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kama ni dakika moja). Hela ya ufundi unayookoa iongezee kwenye oili yenyewe maana huko ndo watu wanapigwa.

Injini hii inakula lita 3.7 ukibadilisha na filta, so galoni moja ya lita 4 inatosha na kidogo cha kuongezea kinabaki. Fundi akikuandikia lita 5 muulize ya tano inaenda wapi.

Namba moja naweka 10W-30. Najua wengi watasema 5W-30, lakini hiyo namba yenye W inahusu oili inavyotembea kwenye baridi, sasa Tanga baridi iko wapi, hata mwezi wa saba Ngamiani mtu analala na feni. Ile 30 ya mwisho ndo uzito wake injini ikishapata moto, na hapo zote mbili ziko sawa.

Namba mbili 5W-30 sintetiki. Ni oili nzuri sana, nimeishusha kwa sababu ya bei tu, ukiipata kwa bei ya kueleweka chukua.

Tatu 10W-40, hii ni ya gari iliyochoka inayokula oili, au wewe unayebeba mzigo kila wiki kupandisha Lushoto kutokea Mombo.

Mwisho kabisa 20W-50. Hapa tutagombana, maana mtaani wanaamini oili nzito ndo inalinda injini, ila VVT-i (mfumo wa Toyota unaobadili muda wa kufunguka kwa vali) inafanya kazi kwa presha ya oili inayopita kwenye vitundu vyembamba, ukiijaza uji huo asubuhi inachelewa kufika juu. Waachie wenye injini za zamani. Na ile ya kupimiwa kwenye pipa hata siipi namba.

Brandi isikuumize kichwa, Castrol, Total, Shell, zote sawa mradi iwe orijino. Geuza galoni utafute herufi za API, yaani daraja la ubora wa oili: SN ya 2010 na SP ya 2020 ziko poa, ukikuta SF au SG hiyo ni ya magari ya babu, rudisha. Sili ya kifuniko ikiwa imelegea, rudisha pia.

Filta ulizia 90915-YZZE1. Ukitoa ya zamani chungulia pale ilipokaa, ule mpira wake huwa unabaki umeganda kwenye injini, ukifunga mpya juu yake oili yote inamwagika barabarani. Mpira mpya upake oili kwa kidole, kaza kwa mkono tu.

Halafu hakikisha nati unayofungua ni ya sampu ya injini (lile bakuli la chini linaloshika oili), ya giaboksi iko jirani, ukiona kinatoka kitu chekundu funga haraka.

Oili chafu usimwage mtaroni, mitaro yetu inaishia baharini. Mpelekee seremala, anapaka mbao mchwa wasile.